Firigisi ya Mwenye Mji

Baba mdogo alikuwa na sura ya marehemu baba yangu, na hilo ndilo lililotuponza. Sisemi kufanana kwa kawaida kwa ndugu, pua na paji la uso. Sauti ilikuwa ileile. Kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kuingia mlangoni kilikuwa kilekile, na hata namna ya kukaa huku amelikumbatia goti moja. Mtu akifa, macho ya waliobaki humsahau polepole, na huo ni msaada wa Mungu. Sisi hatukupata msaada huo. Kila kiangazi, mahindi yakishaingia ghalani, marehemu alikuja kututazama kwa macho ya mdogo wake.

Baba alifia Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Aliondoka Kifanya kwa lori la manamba, vibarua wa mkataba, yeye na vijana wenzake wakiimba, na kilichorudi ni blanketi lake na mtu wa kulileta. Mama akabaki na sisi wawili: mimi, niliyekuwa na akili ya kutosha kuwajibu wakubwa na kuchapwa kwa ajili hiyo, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado mgongoni. Ukoo ukakaa, ukaamua kama ulivyozoea kuamua, kwamba mjane arithiwe na mdogo wa marehemu. Mama akasema hapana. Baba mdogo alikuwa na mke tayari, na mama, Mlutheri aliyezijua nyimbo zote za kanisani bila kitabu, alisema hawezi kuwa mke wa pili mbele za Mungu. Wazee wakamsifu kwa dini yake. Sababu ya pili hakuwaambia. Aliniambia mimi nilipokuwa mtu mzima. "Ningeishije na uso ule," alisema, "ilhali mwenyewe hayumo?"

Aliyemwoa ni mpasua mbao wa Makambako, mgane mwenye binti mmoja. Alikuwa amelelewa na mapadri kule Uwemba, Mkatoliki wa rozari mfukoni, na alifika kwetu kuleta mbao za mabenchi ya kanisa. Watu walicheka kwamba Mkatoliki amewaletea Walutheri mabenchi, akaondoka na Mlutheri. Ukoo wa baba haukucheka, wala haukugomba. Baba mdogo alitusindikiza hadi barabarani, akampokea mdogo wangu, akampakata kidogo, kisha akamrudisha kwa mama. "Shemeji, nenda salama," alisema. "Mtoto tutamfuata akishapata akili." Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekumbusha kufunga mlango. Ukoo unaopiga kelele unaweza kuombwa radhi. Ukoo ulionyamaza ni wa kuogopwa, na mama aliogopa tangu siku ile.

Makambako ya wakati wa Waingereza ilikuwa njia panda na upepo. Barabara ya Iringa na Mbeya ilipita hapo, ya Njombe na Songea ikachepuka, na kando yake palikuwa na maduka machache ya Wahindi na kambi ya kulaza manamba, waendao na warudio. Hayo tu. Nilikuwa nimeizoea baridi ya Kifanya, ile ya sakitu, inayolala juu ya majani asubuhi ikisubiri jua liiondoe. Hii ya Makambako haikulala. Upepo ulibamiza milango tangu kuchwa hadi kucha, ukaingia chini ya blanketi, ukatia mchanga kwenye ugali. Nilimwambia mama kwamba hata upepo wa huku hautaki wageni. Akaniambia ninyamaze, watu watanisikia.

Katika nyumba ile mwenye amri hakuwa baba wa kambo. Alikuwa yule binti yake, msichana mkubwa tayari, aliyeendesha jiko tangu mama yake afariki. Alitupokea mlangoni akiwa na mwiko mkononi. Alimwamkia mama vizuri, "Kamwene," kwa Kibena cha adabu, kisha akamtembeza jikoni na kumwonyesha mpaka wa kila kitu: chungu hiki ni cha maharage tu, kinu kile kilikuwa cha marehemu mama yake, kisisogezwe. Alipomaliza alitutazama sisi watoto kuanzia miguuni, akasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

"Na kuku mwenyeji ndiye huchinjwa wa kwanza," nikamjibu.

Hapo ndipo tulipoanza, mimi na dada yangu. Tuligombania chumvi, tukagombania upande wa kitanda usiopitisha upepo, tukagombania nani ametia kuni mbichi. Dada hakumwita mama yangu kwa jina lolote la uzazi. Alimwita "wewe mama," vile unavyomwita mwanamke usiyemjua sokoni. Wakati wa chakula nyumba ilikuwa moja na ameni zilikuwa mbili: wao walifanya ishara ya msalaba, sisi tulifumba macho na kuinamisha vichwa. Mdogo wangu, kwa hofu ya kukosea, alifanya vyote, akamaliza wa mwisho, na mara nyingi akakuta mboga imepungua.

Baba wa kambo mwenyewe nilimvizia. Nilingoja anipige, nipate sababu ya kumchukia kwa haki, naye hakunipiga. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sehemu kubwa ya siku aliimaliza ndani ya ardhi. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo refu kuliko mtu, na juu yake gogo limelazwa kwenye nguzo. Mmoja husimama juu ya gogo, mmoja shimoni, na msumeno mrefu hupita kati yao, juu chini, juu chini, mpaka ubao uachie. Kwa kawaida tajiri wa kazi hukaa juu, kibarua ndiye huenda chini, maana chini vumbi lote la mbao humwagikia machoni na kifuani. Baba wa kambo alimweka jirani juu, kwa kuwa jirani alikuwa mzee na kifua chake kilikuwa kibovu, akashuka mwenyewe. Jioni alipopanda kutoka shimoni hata kope zake zilikuwa na vumbi. Mdogo wangu alikuwa akimsubiri ukingoni amfute kwa mkono.

Kiangazi cha kwanza baba mdogo alikuja, akakaa kitako, akanywa pombe ya ulanzi ya jirani, akaondoka. Cha pili vivyo hivyo. Hakudai kitu. Alimwita mdogo wangu, akamsimamisha katikati ya magoti yake, akampapasa mabega, akamfunua mdomo kuangalia meno. Mimi nilimwamkia akaitikia bila kunitazama. Mama alisimama mlangoni siku nzima mgeni alipokuwapo, mikono imefumbatwa, na mgeni akishaondoka alikuwa halali vizuri kwa muda mrefu.

Kisha kikaja kiangazi ambacho mdogo wangu alianza kung'oa meno ya utoto, na baba mdogo akafika siku ya upepo mkali. Alikohoa nje. Mama alikuwa anapepeta maharage, ungo ukamtoka mkononi.

Lazima niseme habari za kuku, maana si kila mahali ziko kama kwetu. Kwetu kila kiungo cha kuku kina mtu wake. Mgeni hupewa paja, hupewa kidari, watoto hugombania shingo na miguu, na firigisi ni ya mwenye mji. Firigisi hapewi mgeni, hata angekuwa mkwe. Hilo mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, na bakuli likiwekwa mbele ya wanaume, jicho la kwanza humtafuta aliyepata firigisi, ili lijue limeingia katika mji wa nani.

Mama alichinja jogoo, akapika, akapakua katika mabakuli mawili, moja la mumewe na moja la mgeni. Dada akayabeba. Sisi tulikuwa jikoni, mlango wazi, tunawaona wanaume wamekaa kwenye upenu. Baba mdogo akafunua bakuli lake, akalitazama kwa muda, akatabasamu. Halafu akainua firigisi kwa vidole viwili, akaishika juu mpaka sisi wa jikoni tukaiona.

"Jamani, mmeona wenyewe," alisema kwa sauti ya baba yangu. "Shemeji hajamsahau mwenye mji."

Akaila taratibu, anatafuna upande mmoja, macho yake kwa baba wa kambo. Alipomeza akajifuta mikono. "Basi nisiwachoshe. Mwakani, mkishavuna, nakuja kumchukua mwanangu. Damu ni nzito kuliko maji." Baba wa kambo alimega tonge, akalichovya, akala. Nilimdharau siku hiyo kuliko nilivyowahi kumdharau mtu.

Mgeni alipoondoka mama alikaa karibu na mafiga akiutazama mkono wake wa kulia. "Mkono mjinga huu," alisema. "Mkono mjinga." Kule Kifanya, kwa miaka yote ya ndoa yake, mkono ule ulikuwa umeweka firigisi katika bakuli la mwanaume mwenye uso ule, aliyekohoa vile nje na kuuliza kwa sauti ile kama chakula kimeiva. Siku ile kikohozi kilisikika, na mkono ukafanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe. Nilingoja dada amcheke. Alikuwa na haki. Firigisi ya baba yake ilikuwa imeliwa na mtu mwingine mbele ya macho yake. Badala yake alichuchumaa, akaanza kuokota maharage yaliyomwagika. "Nimebeba mimi," alisema. "Ningefunua kwanza, ningeona."

Baba wa kambo alipanda lori kwenda Njombe. Alikwenda kuuliza kwenye baraza la mtwa, chifu wa Wabena, huko kesi za ndoa na watoto zilikokatwa, na karani mmoja akamjibu bila hata kumkaribisha kiti: watoto ni wa ukoo uliotoa ng'ombe. Jambo likifika barazani, baba mdogo atapewa watoto wote, na wewe utaambiwa umeficha mali ya watu. Akapita Uwemba kwa padri, padri akamwambia aende akasali. Mama akaenda kwa mchungaji wetu, naye akamwambia hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi. Kwa hiyo tulijua mapema. Hakuna mlango uliobaki isipokuwa huyo mwanaume mwenyewe abadili nia, na mwanaume mwenyewe alikuwa amekwisha kula firigisi.

Mwaka ule nyumba nzima ilimlinda mdogo wangu. Hakutumwa dukani. Hakuruhusiwa kukaribia barabara, maana malori yalisimama pale njia panda na mtu angeweza kumtupia mtoto ndani kama gunia. Mtu yeyote akikohoa nje, dada alimsukuma nyuma ya pipa la maji kabla hajaangalia ni nani. Wauza mkaa na wahubiri walipokelewa kwetu kama wezi. Ungefikiri hofu ingetugombanisha zaidi, sivyo. Dada alianza kumbeba mdogo wangu mgongoni, mtoto ambaye miguu yake ilikaribia kuburura chini, akamfunga kwa shuka lake zuri la Jumapili. Alimfundisha rozari, na mama, Mlutheri yule, akajifanya hasikii. Alimchagulia nyama, akampulizia uji. Nilimwambia anamdekeza kama amemzaa, akanijibu kwamba angemzaa yeye asingekuwa na dada mwenye mdomo mrefu. Tulicheka wote wawili. Sikumbuki kama tulikuwa tumewahi kucheka pamoja kabla ya hapo.

Wakati wa mvua mdogo wangu alishikwa na homa. Mama alikuwa shambani, mimi natwanga. Nikasikia sauti kutoka ndani: "Mama! Mama, njoo! Mama!" Nikadhani ni mtoto anaweweseka. Alikuwa dada. Alitoka nje bila viatu, akapiga mbio kwenye matope kuelekea shambani, anamwita mama yangu mama kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Mama akatupa jembe akaja. Homa ilishuka baada ya siku chache, na neno lile likabaki. Hakuna aliyelitaja wala kulishangaa. Mama alisogeza kinu kile cha marehemu mama yake dada karibu na dirisha, penye mwanga, na dada akaanza kutwangia hapo.

Na mimi nilichota maji. Nilitumwa chumvi na mafuta ya taa, nikasimama karibu na malori yenyewe nikiangalia manamba wakishuka, nikarudi nyumbani ninapotaka. Hakuna aliyenikataza barabara. Nilijiona mtu mwenye bahati, maana mwenzangu alikuwa kifungoni.

Mahindi yakakauka. Tulivuna polepole kuliko watu wote wa Makambako. Mama aliacha mistari ya mwisho shambani, akisema haijakauka vizuri, mpaka tumbili na upepo vikamaliza vyenyewe. Ndipo baba mdogo alipokuja, safari hii na mzee mmoja wa ukoo, shahidi, mtu mnyamavu mwenye koti la kijeshi alilopewa katika vita vya Hitla. Waliamkiana na kila mtu kwa utaratibu. Baba mdogo alikuwa amemletea mdogo wangu kaptura mpya. Aliitandaza gotini ili wote tuione, na mama akakimbilia jikoni.

Mama alikuwa ameapa kutopika kuku tena. Baba wa kambo akachinja mwenyewe. Halafu akaja jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasema, "Firigisi mwekee mgeni."

Mama akamtazama. "Unasemaje?"

"Mwekee yeye. Iweke juu, ionekane."

Dada alitupa kijiko chini. Mimi nilijua basi, yameisha, mwanaume huyu amekata tamaa na anataka kulimaliza jambo kwa heshima ili watu wasimseme. Mama alipakua huku machozi yakimdondoka, na dada akabeba bakuli bila kulifunika. Baba mdogo alipoiona firigisi alishangaa hata yeye. Lakini mzee alikuwa anatazama, na chakula cha heshima hakikataliwi. Akaila.

"Umekula?" baba wa kambo akauliza.

"Nimekula."

"Mbele ya mzee huyu?"

"Mbele yake."

"Vema. Mwaka jana ulikula, na mwaka huu umekula. Basi wewe ndiye mwenye mji, mimi sina ubishi." Akasimama, akaanza kukunja mikono ya shati. "Mwenye mji huu hushuka shimoni. Kuna gogo limelala pale, na mbao zake zinasubiriwa. Leo mimi nitakaa juu."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Nawe mwenzangu si mgeni tena, umejiita mwenye mji. Hapo amekushika." Baba mdogo aliangalia huku na huku. Kukataa kulikuwa ni kusema mbele ya shahidi wake mwenyewe kwamba alikula visivyo vyake. Akavua koti, akashuka.

Tulitoka wote kwenda kutazama, na hofu yangu ya siku ile sijaisahau. Gogo lilikuwa zito, limeshikwa na nguzo na kabari za mti. Chini yake alikuwapo mtu aliyetaka kumchukua mtoto, na juu yake mtu aliyemlea, na kabari zilikuwa karibu na mguu wa aliye juu. Teke moja tu. Mama alikuwa akiomba kwa sauti ya chini, na mpaka leo sijui aliomba lipi kati ya mawili. Msumeno ukaanza. Upepo ulilichukua vumbi la kwanza, kisha ukatulia, na vumbi likawa linashuka lote shimoni. Tulisikia kikohozi cha baba yangu kikitoka chini ya ardhi.

"Pumzika kidogo," sauti ikasema.

"Mwenye mji hapumziki ubao haujaachia," baba wa kambo akajibu, na msumeno ukaendelea. Alikuwa hatazami chini, anatazama mstari wake. "Mtoto unayemtaka amekula vumbi hilo. Kila uji aliokunywa hapa umepita machoni mwangu kwanza. Vuta."

Walivuta mpaka ubao ukaachia. Hakuna kabari iliyoguswa. Baba mdogo alipopanda alikuwa mweupe mwili mzima, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza hakufanana na mtu yeyote. Mdogo wangu alitoka mbio na kibuyu cha maji. Akampita, akamfikia baba wa kambo, akasema, "Baba, kunywa." Halafu akanyoosha mkono kumfuta kope, kama kawaida yake, akakuta leo hazina vumbi.

Mzee akasema, "Kijana ameshanena."

Baba mdogo aliomba maji ya kunawa. Dada akamwagia. Vumbi lilipotoka, uso wa baba yangu ukarudi tena kutoka ndani ya maji, umechoka, si uso wa mtu mbaya. Alikaa juu ya gogo. "Sawa," alisema. "Mvulana mmemlea. Siwezi kusema uongo mbele ya mzee. Nitawaambia nyumbani abaki." Dada alipiga kigelegele, akakikatiza katikati, maana mwanaume alikuwa hajamaliza. "Ila siwezi kurudi Kifanya mikono mitupu, ukoo hautanielewa. Mama yangu macho yamemwisha. Anataka mtu wa kumchotea maji na kumshika mkono. Nipeni huyu."

Aliashiria kwa kidevu. Niligeuka nyuma kuangalia ni nani anayetajwa.

Nilikuwa nimesimama karibu na mama, bega langu likigusa mkono wake. Kwa hiyo nilimsikia. Kabla hajalia, kabla hajasema "Shemeji, huyo naye bado mtoto," mama alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na ilimtoka kama firigisi ilivyomtoka mkononi, bila kuulizwa. Sikumlaumu kwa maneno wakati ule wala baadaye. Lakini niliisikia, na yeye alijua nimeisikia.

Aliyepiga kelele ni dada. "Huyo haendi! Huyo ni wetu! Mnamwona ni ndoo?" Mzee akamwambia mtoto wa kike hasemi barazani, naye akamjibu kwamba hapa si barazani, ni kwao. Baba wa kambo aliuliza tukikataa itakuwaje. "Tutaonana Njombe kwa mtwa," baba mdogo akasema, tena kwa upole. "Na huko sitaomba mmoja." Sote tulijua jibu la karani. Baba wa kambo alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega yote mawili, akaniita, "Mwanangu." Nilimwambia asijali. Nilikuwa mtoto mwenye hasira, na hasira ilinisaidia kusimama wima.

Sitasema niliteswa Kifanya, maana sikuteswa. Bibi alinipenda, akanifundisha kupanda na kupika, na baba mdogo alinipeleka shule ya misheni wakati wasichana wengi hawakupelekwa. Dada alikuja kila alipopata lori, akanisuka, akanigombeza. Mama naye alikuja kila kiangazi. Alikaa mkekani akiniangalia nikipita na ndoo, na tulizungumza habari za mvua.

Siku ile ya kuondoka walinipeleka wote mpaka njia panda. Dada alinifunga shuka lake la Jumapili mabegani, fundo likaniumiza shingo, akapanda gurudumu la lori mpaka utingo akamshusha kwa nguvu. Lori lilipoanza kwenda, yeye na baba wa kambo walikimbia nyuma yake katika vumbi, wananipungia mikono na kupiga kelele ambazo upepo ulizichukua. Mama hakukimbia. Alibaki kando ya barabara, amemshika mdogo wangu mkono, amemkaza mpaka mtoto analia, ingawa hakuna aliyekuwa akimtaka tena.